Jua Halina Swichi

Kidole cha Nashwa kilianzia kulia, kama kinavyoanza kila kisomwacho kwa Kiarabu katika kijiji chao cha milimani Yemen, kikatambaa juu ya mchoro uliobandikwa ukutani: friji, swichi, betri, swichi nyingine, kisha safu ya vijisanduku. Akaizima swichi ya kwanza aliyoikuta.

"Nimekata chanzo," alimwambia Ishraqi, mwenzake wa kituo cha umeme wa jua cha kijiji.

Friji ya zahanati ilikuwa imezimika tangu alfajiri. Humo mlikuwa na insulini ya Hajja Warda, mama yake Nashwa, na ya wagonjwa wengine, na barafu waliyoizungushia ilishaanza kuyeyuka. Fundi aliyewafundisha alikuwa Aden, na mafuriko yalikuwa yamekula barabara. Waya wa sola ulikuwa umeungua pale unapoingia kwenye swichi yake. Ilibidi ukatwe na kufungwa upya.

"Basi kata, dada. Au unasubiri uposwe kwanza?"

Nashwa alicheka, akainua koleo. Lakini fundi aliwakaririsha kupima kabla ya kugusa, hivyo akaweka ncha za kipimo cha umeme kwenye waya. Namba zikaruka juu. Koleo likamponyoka.

"Waya una umeme, Ishraqi! Ungeniua!"

"Si umekata chanzo?"

"Nimekata friji. Nimeusoma kinyume."

Alirudi ukutani. Siku zote kidole kilikuwa cha fundi. Leo ndiyo mara ya kwanza kuwa chake. Akaanzia kushoto, mkono ukisitasita kama wa mtoto siku ya kwanza chuoni. Kumbe vile vijisanduku alivyovidhani kuwa mwisho ndivyo mwanzo: paneli za sola zilizo darini, juu ya paa. Akaizima swichi ya sola, akapima tena palipoungua. Namba zilibaki juu vilevile. Palipoungua palikuwa juu ya swichi, kabla umeme haujaifikia, na juu ya swichi palikuwa na paneli, na juu ya paneli hapakuwa na kitu ila jua lenyewe. Mwezi mzima wa mafunzo alikuwa ameona mistari tu, kumbe ncha yake moja haikuwa ndani ya chumba kile, wala duniani. Aliogopa, na hofu ile ilikuwa tamu.

"Jua halina swichi," alinong'ona.

"Basi tulifunike," Ishraqi akatania.

Wakatazamana.

Wanawake wa kijiji walipanda darini na mablanketi. Hajja Warda alileta lake la harusi, zito kama kondoo aliyelowa. "Limenikinga baridi miaka yote. Likakinge na moto leo," alisema. Paneli zilipozibwa zote, kipimo kikashuka hadi kikalala. Nashwa akakata, akafunga, akakaza skrubu, akawasha swichi zote mbili, kisha akapanda kuyaondoa mablanketi moja moja.

"Friji inanguruma!" Ishraqi alipiga kelele kutoka chini.

"Kipimajoto je?"

"Hakijafika kwenye nyekundu, dawa ni nzima!"

Vigelegele vikapasuka. Hajja Warda alianza kulikunja blanketi lake, akasita, akaliweka shavuni.

"Lina moto, mwanangu."

"Ni jua, mama."

"Yaani joto hili ndilo linaloitunzia dawa yangu baridi?"

Nashwa alitaka kumweleza, kuanzia kushoto, mstari kwa mstari. Badala yake akaishika pembe ya pili ya blanketi, naye akaiweka shavuni.