Chumba Kitupu cha Ijumaa

Mwalimu Ngumbao alikuwa na wanafunzi saba, na chuo kilitaka kumi na wawili. Ikifika saa kumi na moja jioni hawajatimia, somo lake la ufugaji nyuki lingefutwa. Na somo likishafutwa, kulirudisha ni kazi. La sungura lilifutwa mwaka juzi. Mpaka leo vibanda vyake vinawekwa fagio.

"Ni woga," alimwambia Gladys wa ofisi ya ratiba. "Hawa wa siku hizi wakisikia nyuki wanaona simba."

Gladys alikuwa akimenya chungwa. "Na miaka yote hiyo walikuwa hawaogopi?"

"Miaka yote hiyo lilikuwa lazima. Mwaka huu wameambiwa wachague."

"Basi wamechagua, Mwalimu."

Akatoka. Kwenye ngazi alimkuta Hetvi, mwanafunzi wa kompyuta, binti wa wenye duka la vitambaa pale mjini Kilifi, na laptopu mapajani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Na wewe mbona hukujiandikisha kwangu? Nyuki wamekukosea nini?"

"Nilikuweka, Mwalimu. Halafu nikakutoa."

"Ukanitoa?"

"Keti nikuonyeshe."

Alikuwa ametengeneza kidude kinachojipachika kwenye brauza. Ukifungua tovuti ya chuo kuchagua masomo, kinakupangia wiki yako nzima kwenye ukurasa mmoja. Masomo yakigongana, yanageuka mekundu. Ukiwa na saa zako usizotaka kusoma, unazifunga na kuandika sababu, na jina lako halionekani. Nusu ya chuo walikuwa wanakitumia.

"Watu thelathini na wanane walikuweka," Hetvi alisema. "Thelathini na mmoja wakakutoa. Soma sababu."

Ngumbao akavaa miwani. Ijumaa saa sita mchana mpaka saa nane. *Swala. Swala. Nawahi gari la Jilore, tunapalilia. Swala. Wafanyakazi wetu wakienda msikitini mimi ndiye nashika duka.*

"Hii ya duka ni wewe."

"Majina hayaonekani, Mwalimu."

*Mwalimu saa hiyo ana njaa, huwa mkali.*

"Na hii?"

"Majina hayaonekani."

Miaka tisa nyuma alikuta chumba kimoja cha darasa kitupu kila Ijumaa mchana, hakuna mwalimu anayekigombania, akajiona mwenye bahati. Ukikuta kiti kitupu harusini huulizi kwa nini, unakaa. Naye alikaa.

"Haya, nihamishie pasipo na wekundu," alisema.

Hetvi akalivuta somo kwa kidole, Jumanne, Jumatano, kote kukawaka. Jumatatu saa moja asubuhi pakawa kijani kitupu.

Ngumbao akavua miwani. Jumatatu ilikuwa siku yake ya Sabaki, nyumbani, yeye na mkewe Everlyne na mizinga yao kumi na minne. Jumatatu saa moja maana yake ni kurudi Kilifi Jumapili. Akasogea kando akampigia simu.

"Jumatatu?" Everlyne aliuliza. "Kwani mizinga huifungua nani?"

"Sisi."

"Sisi gani? Wewe hukaa kivulini ukaniambia niende polepole."

"Kwa hiyo hutanikosa."

"Mimi nitakukosa, baba. Nyuki ndio hawatajua umeondoka. Nenda kaandikishe watu wako."

Akarudi kwa Gladys kuomba saa mpya. Gladys akamaliza chungwa, akafuta vidole kimoja kimoja, akabadilisha. Kidude cha Hetvi kikawapa habari wote waliowahi kulitoa somo, kwamba limehama. Saa sita walikuwa tisa. Saa nane wakawa kumi na mmoja, na hapo wakakwama saa nzima na zaidi, Ngumbao akizunguka meza ya Gladys mpaka akaambiwa akae, anampa kizunguzungu. Saa tisa na dakika ishirini akaingia wa kumi na mbili, halafu wakaja kwa mkupuo.

"Kumi na tisa," Gladys alisema. "Sasa mbona umenuna?"

"Kila Jumapili jioni, Gladys, watu wa Sabaki wanakaanga samaki, na mimi niko kituoni na begi."

"Nikurudishe Ijumaa? Chumba bado kitupu."

Ngumbao aliinama kwenye skrini. Walikuwa wameshafika ishirini na mmoja.

"Wacha hivyo hivyo," alisema.