Waswidi wa Mama Mdogo

Kila asubuhi, saa mbili kasoro dakika moja, Mama Mdogo alitia tone moja la mafuta kwenye cherehani yake, akaifuta shingo kwa kitambaa, kisha akabonyeza kitufe cha redio kaseti kwa kiwiko, maana vidole vyake vilikuwa na mafuta. Kanda ilikwaruza kidogo, kama mtu anayekohoa kabla ya kuhutubia. Ngoma ikaingia, na cherehani kumi na mbili zikaanza kunguruma kwa pamoja. Karakana ile haikuwa na kengele. Kwa miaka kumi na tisa kengele yake ilikuwa Waswidi, bendi ya kwenye kanda ile.

Jumatatu ile kiwiko kilibonyeza, kanda ikakohoa, ngoma ikaingia. Kabla mwimbaji hajavuta pumzi, mkono wenye saa kubwa ukapita juu ya bega la Mama Mdogo na kuizima redio.

"Hii takataka ya nini asubuhi yote hii?"

Mkono ulikuwa wa msimamizi mpya. Alikuwa na wiki moja tu kazini, na tayari mafundi walikwishambatiza jina la Bwana Futi, kwa kuwa alishinda na futi ya kupimia shingoni ingawa hakuna aliyewahi kumwona akipima hata foronya.

"Ni muziki wetu wa kazi, bosi," alisema Mama Mdogo.

Bwana Futi aliichomoa kanda, akaisogeza karibu na macho, kisha akacheka kwa pua. "Hawa! Mimi nimepiga muziki kwenye harusi miaka minane, usinieleze habari za hawa. Albamu yao ya kwanza, sawa, dunia nzima iliruka. Ya pili, tuseme wamejitahidi. Hii ni ya tatu. Hii ndiyo iliyowazika! Hata huko kwao Uswidi waliipa mgongo. Niliipiga mara moja tu. Ilipofika kwenye kiitikio ikakwama katikati, bwana harusi akamkanyaga bibi harusi, shela ikachanika mbele za watu. Disko isiyochezeka ni kitu gani?"

"Kwani nani anacheza hapa?" alidakia fundi wa overloki, ile mashine ya kukata na kufunga kingo za kitambaa, mama mwenye ulimi uliokata kuliko mashine yake. "Sisi tunashona. Na wenyewe ndivyo wanavyotuambia. Shona, shona, shona-aa!"

Wenzake walimwitikia kwa sauti, wawili wakagonga meza. Bwana Futi aliwatazama mmoja mmoja, akijaribu kuelewa kicheko chao. Alipoelewa, akainama na kujishika magoti.

"Shona? Mnadhani Waswidi wanawaimbia nyinyi? Kwa Kiswahili?"

Mama Mdogo hakucheka. Aliongea taratibu, kama anayetoa ushahidi. "Kanda hii niliikuta mfukoni mwa koti la mtumba. Koti zito. Nilikuwa nalifumua nijifunze namna walivyotia mikono, maana sijawahi kuona mkono uliotiwa vizuri vile. Niliposikia wanasema shona, nikaona inafaa. Nikajua huu ni wimbo wa mafundi."

Bwana Futi alijifuta machozi ya kicheko, akageukia meza ya kukatia nguo iliyokuwa dirishani.

"Wewe msomi. Wewe wa chuo. Hebu waambie wanasema nini."

Aliyeambiwa alikuwa msichana mwembamba, mchoraji wa vielelezo vya nguo, mtoto wa marehemu dada yake Mama Mdogo. Mafundi walimwita Chaki. Walisema ni kwa sababu ya kazi yake, lakini kila mtu alijua sababu ya pili: sauti yake ilifutika kwa pumzi ya mtu yeyote aliyesimama karibu. Alikuwa na diploma, Kiingereza chake kilinyooka, na aliweza kuona kwa jicho tu kama bega moja la mteja limeshuka. Ila kusema mbele za watu kulimtoa jasho la viganja hata chaki ikalowa.

Macho yote yalikuwa kwake. Ya Mama Mdogo yalikuwa na tumaini.

"Si shona," alisema Chaki, "lakini..."

"Mmesikia!" Bwana Futi alipiga makofi mara moja. "Ni Kiingereza, akina mama. 'Show now.' Onyesha sasa. Wamelimeza neno la mwisho nusu kwa sababu hata kuimba hawajui. Haya, kazini. Mchana nitawaletea muziki wa watu."

Aliitia kanda kwenye droo ya meza yake, akafunga kwa ufunguo. "Lakini" ya Chaki ilibaki mdomoni mwake kama pini aliyoisahau fundi kati ya meno.

Saa ya chakula Mama Mdogo alikaa ngazini nyuma ya karakana na bakuli lake magotini. Chaki aliketi ngazi moja chini yake, kama alivyokaa tangu utotoni.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu kidato cha kwanza, Mama Mdogo."

"Miaka yote hiyo." Alikoroga chakula bila kula. "Nimewafundisha wasichana wangapi wimbo ule. Nikawaambia, msikilizeni huyo mama wa Uswidi, na yeye ni fundi. Na wewe ulikuwa pale unakata, ukaniacha niimbe."

Halikuwa swali, wala hakulisema kwa ukali. Afadhali angelisema kwa ukali. Chaki alitaka kumweleza, lakini Mama Mdogo alikwishafunika bakuli na kurudi ndani.

Hasira ilimjia Chaki baadaye, akiwa peke yake mbele ya kitambaa cha bluu cha sare za wauguzi. Kwanza alijikasirikia. Kisha hasira ikahama, ikamtafuta mwenyewe. Nani aliwapa waruka-harusi mamlaka ya kuhukumu wimbo? Eti haichezeki! Sufuria haivaliki, na hakuna aliyeitupa kwa kosa hilo. Watu walitaka miguu yao ichezeshwe, haikuchezeshwa, basi wakasema albamu ni mbovu, na ubovu ukapita mdomo kwa mdomo hadi ukamfikia mtu mwenye futi shingoni aliyeisikia nusu, harusini, huku watu wakimpigia kelele.

Yeye aliisikia yote, kila siku, tangu akiwa mtoto anayelala kwenye marundo ya vitambaa. Aliijua kama mtu anavyojua korido ya kwao gizani. Aliwajua wale wanawake wawili: mmoja sauti yake nyembamba iliyochongoka, mwenziwe sauti nzito ya mtu aliyeamka mapema asiyelalamika. Kwenye albamu ya kwanza, aliyoitafuta akiwa chuo ili kulinganisha, waliimba kama watu waliolipwa wacheke. Kwenye hii ya tatu walikuwa wamechoka kidogo. Furaha yao ilikuwa ya kufanyiwa kazi, kama nguo unayoiona kwa upande wa ndani, mishono yake nje. Ngoma ilikuwa ya mashine, haiongezi mwendo wala haipunguzi. Upande wa pili, wimbo wa tatu, kabla ya kiitikio kurudi, kila kitu kilinyamaza kwa pigo moja. Ungesikia mwanamke anavuta pumzi. Halafu: shona.

Pumzi hiyo ndiyo Bwana Futi aliyoiita kukwama.

Mchana ule vipaza sauti viwili vipya vilitundikwa ukutani na muziki wa watu ukaanza. Ulikwenda mbio bila kituo, wimbo ukiingia ndani ya wimbo. Fundi wa overloki alisema ni kama kufuatwa na mtu anayekudai salamu. Walicheka, ila walicheka kidogo. Mama Mdogo alishona na midomo imefungwa. Jumanne hakutia tone la mafuta mpaka saa tatu. Jumatano hakulitia kabisa.

Alhamisi Bwana Futi alitoka ofisini na blauzi nne za wauguzi mkononi, akazitupa juu ya meza ya kukatia.

"Kola za nani hizi?"

Hakukuwa na haja ya kuuliza. Kola zote za karakana zilikuwa za Mama Mdogo. Chaki aliichukua moja, akaipitishia kidole. Kona iliyopaswa kuchongoka kama ncha ya bahasha ilikuwa imejaa, ya duara, kama ulimi. Ya pili hivyo hivyo. Katika maisha yake hakuwahi kuona kola ya namna hiyo ikitoka chini ya sindano ile.

"Zangu," alisema Mama Mdogo bila kuinuka.

"Basi mama, umri nao una haki yake," Bwana Futi alisema kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa mbaya. "Macho yanachoka. Hakuna aibu. Kuanzia kesho utakaa kule nyuma, upachike vifungo. Cherehani hii nitampa mwenye damu changa."

Kupachika vifungo ilikuwa kazi ya wanaojifunza, wiki yao ya kwanza. Mama Mdogo alitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama tena upande wa pili, kama anayeuliza ni lini ilimsaliti. Kisha akaanza kukusanya vitu vyake: mkasi mdogo, kimto cha kuchomekea sindano, chupa ya mafuta.

Umri! Chaki alihisi masikio yanawaka. Alijua kilichotokea kwenye kola zile, alikijua kama alivyojua jina lake. Unaposhona kola unakimbiza mshono hadi kwenye kona, na kwenye kona lazima usimame. Sindano ndani ya kitambaa, inua kile kichuma kinachobana, geuza nguo, shusha, endelea. Pigo moja. Aliyefundishwa kusimama na wimbo fulani, kwa miaka kumi na tisa, ukimnyang'anya wimbo ukampa kelele isiyosimama, mguu wake hautasimama. Utapita kona kama gari lililokosa breki.

Alikwenda ukutani, akachomoa waya wa vipaza sauti. Kimya kikaanguka kama shuka.

"Wewe! Nani kakuruhusu?"

Viganja vya Chaki vilikuwa vinavuja jasho. Aliokota vipande viwili vya kola alivyokuwa amekata asubuhi, akavipanga, akaviweka mbele ya Mama Mdogo, chini ya sindano. Kisha akarudi mezani kwake, akashika mkasi mkubwa na kuanza kugonga mbao kwa mpini. Ko, ko, ko, ko. Hauongezi, haupunguzi.

"Mnafanya mchezo gani?" Bwana Futi aliuliza.

"Hebu nyamaza, bosi, utasikia," alisema fundi wa overloki, naye akaanza kugonga kwa kidole cha pete.

Mama Mdogo alimwangalia mtoto wa dadake kwa muda. Mwishowe aliweka chini chupa ya mafuta, akakanyaga. Cherehani ilinguruma, mshono ukatembea, na Chaki, ambaye hakuna mtu humo aliyewahi kumsikia akiimba hata wakati wa kufagia, alianza ubeti kwa sauti iliyotetemeka. Hakuimba maneno, aliimba mahadhi yake tu. Mafundi wengine walishika mdundo kwa kugonga meza. Ubeti ukapanda, ukafika ukingoni.

Mkasi ukasimama. Karakana nzima ikavuta pumzi.

Sindano ndani. Chuma juu. Nguo ikageuka.

"Shona!" waliitika kumi na moja kwa pamoja, na mshono ukaendelea.

Mama Mdogo alikata uzi, akaigeuza kola, akasukuma kona kwa ncha ya mkasi mdogo. Hakuionyesha kwa mtu. Aliiacha mezani, na kila mtu akaiona: ilichongoka kiasi cha kuchoma.

Bwana Futi aliishika, akaipima kwa dole gumba, akaiweka, akaishika tena. Mkono mmoja ulicheza na futi yake shingoni.

"Jumatatu ulinikatiza," Chaki alisema.

Alisema kwa sauti yake ileile ndogo, lakini safari hii hakuna aliyekuwa karibu wa kuifuta.

"Nilisema si shona, lakini. Sikumaliza. Wimbo ule haukwami, bosi. Wewe ulikuwa harusini, ulitaka wimbo ukimbie. Pale unaponyamaza ndipo unapogeuza kola. Kama hujashona kola huwezi kujua, sikulaumu kwa kutojua. Nakulaumu kwa kucheka. Ufunguo wa droo uko kwako."

Bwana Futi akatazama kona ya kola kwa mara ya tatu, akaelekea ofisini. Kwa muda mrefu walisikia funguo zikigongana, hakuna aliyejua kama zinafungua au zinafunga.

Chaki hakuzisikiliza. Alikuwa amegeukia cherehani ya kwanza, mahali ambapo sentensi yake ilipaswa kufika tangu zamani.

"Mama Mdogo, nilijua. Nilijua kitambo, na sikukuambia kwa sababu nimesoma Kiingereza miaka yote hiyo mpaka chuo, na kila wakiimba, mimi bado nasikia shona."