Krimu Iliyokaa Juani

Fundi wa nguo alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo alipoingia sekondari uso wake ulijaa chunusi. Wenzake wakambandika jina la Kokoto. Akawa hatoki, hata akitumwa dukani hujitanda mtandio hadi puani.

Mama akamnunulia krimu ya chunusi duka la dawa, ile wanayoitumia wengi. Ikamkubali. Ngozi ikatulia, Kokoto likasahaulika, na msichana akawa mcheshi mpaka wateja wa mama yake wakawa wanapitia kupiga soga naye tu. Aliipaka miaka yote hiyo. Tyubu ilikaa dirishani, juu ya meza ya kupigia pasi, jua likiichoma kutwa. Mama mwenyewe ndiye aliyeiweka hapo ili mtoto asihangaike kuitafuta asubuhi.

Kisha binti akaanza kuchokachoka. Fizi zikatoa damu. Hospitali wakasema ni saratani ya damu.

Mama alikuwa anamlisha wodini, redio ya kitanda cha jirani ikazungumzia dawa za chunusi. Mtangazaji alisema kiambato kimoja, benzoili peroksaidi, kikikaa kwenye joto kinaweza kuvunjika na kutoa benzini, kemikali inayohusishwa na saratani ya damu. Kijiko kikabaki hewani.

Alimfuata daktari kwenye korido.

"Dokta, niambie ukweli. Ni ile krimu?"

"Mama, watu wengi mno wameitumia. Hakuna aliyethibitisha kwamba inaleta ugonjwa huu. Wanachoshauri ni isikae kwenye joto."

"Ya kwetu ilikaa juani. Niliiweka mimi."

Daktari akavua miwani. "Sidhani kama ndiyo iliyomfanya hivi. Lakini kukuapia siwezi. Hakuna kipimo cha kunionyesha."

Angesema ndiyo, mama angejua cha kulilia. Angesema hapana, angepumua. Alirudi wodini mikono mitupu.

Binti alikuwa macho. "Nami niliisikia redio," alisema.

"Mwanangu, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Ulitaka nitoke nje, nikatoka." Akageukia ukutani. "Ila usiniulize tena, mama. Nikianza kuwaza hilo sitalala."

Hawakulizungumza tena. Dawa za hospitali zilimnyonyoa nywele, zikamwacha mifupa mitupu, na ngozi ya uso nyororo kama ya mtoto mchanga. Alifariki asubuhi, mama amekwenda kuchota maji ya kumwogeshea.

Baada ya matanga fundi alirudi kwenye cherehani, maana nguo za watu zilikuwa zinangoja. Siku moja binti wa jirani, uso umemvimba chunusi, akaja kupunguziwa sketi. Akasitasita mlangoni.

"Shangazi, marehemu dada alikuwa anapaka nini? Alikuwa na ngozi nzuri sana."

Fundi akamweleza yote: redio, jua, daktari asiyeweza kuapa. Akamsihi aende kwanza kwa mtaalamu wa ngozi, na akipewa chochote akiweke mahali pa baridi.

Msichana alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. "Kama hutaki kunitajia, sema tu, shangazi," alisema kwa upole, akachukua sketi yake na kuondoka.

Fundi alibaki na sindano mkononi. Alijaribu kutunga uzi, ukamshinda. Akajaribu tena.