Kipimo Kilichopungua Vidole Vinne

Hebu wewe uliyejinyoosha hapo kama ubao unaongojea jua, nifumbulie hiki: hana tumbo lakini anakula kutwa, haendi chooni lakini mavi yake tunayagawa kwa magunia. Ni nani huyo?

Usinitolee macho. Mavi ni neno kama maneno mengine. Umeshindwa? Ni msumeno wa mume wangu. Anatafuna magogo, na unga wake wafuga kuku wanaugombania wakawatandikie vifaranga. Msumeno huo umenilelea watoto wote, na msumeno huohuo nusura uniondolee binti.

Kiwanda chetu hakikuwa cha kujivunia. Banda la mabati, injini moja ya dizeli yenye kikohozi, na msumeno wa duara mpana kama meza ya chai. Tulikuwa wanne: mume wangu, aliyeitwa Mzee tangu hajaota mvi; binti yetu wa mwisho, mpasuaji mwenzake, Kisiki, maana akishaamua humng'oi; kibarua wa kusukuma magogo, tuliyemwita Kimya kwa sababu hajawahi kunyamaza; na mimi, wa kupanga mbao na kubishana na wateja.

Na tulikuwa na kipimo. Ufito mwekundu wa mninga, Mzee aliurithi kwa baba yake, umechongwa mikato mitatu: wa mlango, wa kitanda na wa jeneza. Unaulaza juu ya gogo, mwisho wa chini sawa na ncha yake, unatia alama penye mkato, unapasua. Kisiki alipoleta tepu ya chuma, Mzee aliivuta, ikarudi fyaa! ikamchapa kidole.

"Kitu kinachotoa ulimi na kuurudisha kama kinyonga hakiwezi kusema kweli," akasema, akaitupa kwenye unga wa mbao. Kisiki akaiokota, akaupima nayo ule ufito, akaandika urefu wake kwenye nguzo ya banda. Baba yake akamsonya.

Kila jioni Mzee alirudi nyumbani na ufito wake, akausimamisha nyuma ya mlango wa chumba chetu. Wenzangu wana wake wenza. Mimi nilikuwa na ufito.

Basi siku moja akaingia fundi majeneza, uso umemkunjamana.

"Shikamoo mama. Mzee yuko wapi? Amenigombanisha na maiti."

"Marahaba. Mmegombania nini?"

"Mbao mlizonikatia ni fupi! Nimeunga sanduku, miguu ya marehemu haiingii. Nikampima upya, nikidhani labda ameongezeka. Na ndugu zake wako nje wananitazama kama mimi ndiye niliyemuua."

Kisiki akaulaza ufito chini, akavuta tepu, akatazama nguzo, akapima tena.

"Baba, umepungua vidole vinne. Umekatwa huku chini."

Kweli, mwisho wa chini ulikuwa na mkato mpya, msafi kama jino la mtoto. Mzee akamgeukia.

"Ni wewe! Ulitaka nitumie hilo liulimi lako, ndiyo ukakata kipimo cha babu yako!"

"Mimi, baba?"

"Nani mwingine?"

"Labda mchwa," akasema Kimya.

"Mchwa wa wapi wenye msumeno?" nikamuuliza.

Mzee akapanda juu ya gogo, akainua mkono, akaapa: "Aliyekata kipimo hiki, awe nani, hatagusa tena msumeno huu mpaka naingia kaburini!"

"Sanduku nitakutengenezea," fundi majeneza akamjibu, "ila mbao nitanunua kwingine."

Hivyo Kisiki akaondolewa kwenye msumeno. Mtoto ambaye kwa miaka sita alikuwa akisikia kwa mlio tu kwamba mbele kuna msumari ndani ya gogo! Akapewa ufagio. Wenye kiwanda cha ng'ambo ya barabara, macho yao hayalali, wakamwita siku ya tatu: njoo kwetu, anza Jumatatu. Akakubali. Mzee akajifanya hajasikia.

Jumamosi nikafagia uvunguni mwa kitanda chetu. Mguu mmoja wa kitanda hicho ni mfupi. Na chini ya mguu huo nikakuta kigingi. Chekundu. Cha mninga. Nikakipima: vidole vinne.

Hapo nikakumbuka. Jumapili mbili nyuma kitanda kilikuwa kinatikisika, Mzee akasema atakitengeneza yeye mwenyewe. Nikamwambia avae miwani. Akasema miwani ni ya wazee, nami nikarudi jikoni. Kumbe alinyoosha mkono nyuma ya mlango, akashika kijiti cha kwanza kumgusa, akakata, akapachika, akajisifu mpaka chai ikapoa. Jamani! Mtu ana mlima wa mabanzi uani kwake, anakwenda kukata kipimo cha baba yake! Nilicheka mpaka nikakimbilia chooni, na nilichelewa kidogo.

Nilipokumbuka kiapo cha msumeno, kicheko kikaisha. Mimi kumsemea ningeweza. Lakini angesema namtetea binti yangu, na aliyemsingizia mtoto ni yeye, si mimi. Nikakichomoa kile kigingi, nikakifunga kwenye pindo la kanga.

Baada ya chakula cha mchana Mzee akajilaza. Kitanda: ko, ko, ko.

"Mama watoto, kimeanza tena. Kile kigingi kiko wapi?"

"Kigingi gani?"

"Nilichokikata kwa mkono wangu mwenyewe!"

Nikamvisha miwani, nikamtilia kigingi kiganjani, nikamsimamishia ufito mbele ya pua. "Ulikikata kutoka wapi, baba watoto?"

Akaviunganisha. Vilikutana barabara, hata mwanga haukupita katikati. Akavua miwani, akaifuta kwa shuka, akaivaa, akaviunganisha tena.

"Nani mwingine amekiona?"

"Mimi na buibui."

"Basi usi..."

"Basi nini? Keshokutwa mtoto anaondoka."

Akajifunika shuka hadi kichwani. Ko, ko, ko. Nikachukua kigingi changu, nikakifunga tena kwenye kanga.

Jumatatu asubuhi Kisiki akaja bandani na mfuko wake begani. Mzee alikuwa kwenye msumeno, peke yake, ameshapasua gogo zima kombo kama njia ya mlevi.

"Baba, naenda. Sidai kitu," Kisiki akasema kwa sauti ya kushinda injini. "Nataka jibu moja tu. Nani alikata kipimo?"

Mzee akanitazama. Mimi nikaanza kulegeza fundo la kanga, taratibu, kama mtu anayetafuta ugoro wake. Kimya alikuwa ameacha mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza hakuna kilichotoka.

Mzee akazima injini. Akatoa miwani mfukoni, akaivaa mbele za watu. Akavua glavu zake, moja, halafu nyingine, akamwekea Kisiki mikononi.

"Ni mimi," akasema.