Neno Lisilopiga Makofi

Alichokiona Joyness kwanza ni midomo ya mwalimu. Tumsifu, mpangaji wao aliyehamishiwa Nkololo kutoka Moshi, alikuwa kibarazani na kitabu, midomo ikitafuna kitu kisichomezeka. Joyness alipita na beseni la mashuka ya bibi. Alipomaliza kuanika akarudi, midomo bado inatafuna.

"Nionee huruma, Joy," mwalimu alisema. "Neno moja limenikalisha hapa tangu chai."

"Kiingereza sikijui, mwalimu. Niliishia la tano."

"Hiki hata mimi kinanishinda. Ni Kiskoti cha zamani. Nataka niwasomee wanafunzi hadithi hii kwa Kiswahili. Sikia: thole."

"Ndiyo nini?"

"Kubeba jambo zito bila kupiga kelele. Baridi, jino, ndoa mbaya." Akacheka peke yake. "Humu kuna mama ambaye wanawe walikwenda baharini wasirudi. Mtunzi hasemi mama analia. Anasema anawasha moto, anateka maji, halafu anaweka hilo neno. Watunzi wao wa zamani waliliweka pale ambapo mwingine angeweka kilio."

"Basi anamsifu. Ni mvumilivu."

"Nami niliandika hivyo, nikafuta. Sisi tukimwita mtu mvumilivu, tumeshampigia makofi. Neno hili halipigi makofi. Linasema mzigo upo, na mtu yupo chini yake. Basi."

Joyness alichukua beseni lake akaingia ndani. Bibi Minza alikuwa anataka kugeuzwa.

Bibi alipooza upande mmoja Joyness akiwa darasa la tano. Mama yake alikuwa ameshafariki, na baba yake, Luhaga, alisema asimame shule kidogo tu, bibi apate nafuu. Nafuu haikuja. Joyness akawa wa kuinua, kuogesha, kulisha uji, na msimu ukifika, wa kuchuma pamba. Safari hii wakubwa waliahidi kwamba pamba ikishauzwa, shangazi Anyes atamchukua bibi kwake Lalago, na Joyness ataenda Bariadi kujifunza cherehani.

Kila mgeni aliyefika alimuuliza, "Hujachoka, mwanangu?" Naye alijibu, "Hapana." Lilikuwa swali la kusalimia. Anayeuliza huwa ameshaanza kuvua viatu.

Jumapili shangazi Anyes akaja. Walikula ugali na maziwa ya mgando, na walipomaliza Joyness alipiga magoti na jagi awanawishe.

"Kaka, nimewaza," shangazi alimwambia Luhaga. "Bibi akae hapa hapa mpaka pamba ya mwakani. Kwangu ni padogo, na wale watoto wangu unawajua, kelele tupu."

"Na cherehani ya huyu?"

"Cherehani inaoza? Itamsubiri. Huyu hachoki huyu! Huyu ni maksai. Ukimvua nira analala, ukimfunga anaamka, analima."

Luhaga akacheka. Joyness naye akacheka kidogo, kwa mazoea. Mgongo ulikuwa unamuuma pale pale unapouma siku zote, juu ya kiuno, upande anaomwinulia bibi.

"Au umechoka, mwanangu?" shangazi aliuliza, mikono tayari juu ya beseni, macho kwa kaka yake.

"Hapana" ilikuwa imeshafika mdomoni, imekaa mahali pake. Maji yalianza kumiminika. Chumbani bibi akakohoa. Joyness alikijua kikohozi hicho. Alimpenda bibi yake, na kwa muda mrefu sasa alikuwa akikisikia kile kikohozi hata bibi akiwa amelala.

Akamkumbuka yule mama wa kwenye kitabu. Yule hakuna aliyemuuliza. Yeye ameulizwa.

Maji yakakatika. Shangazi aliangalia mikono yake yenye sabuni, kisha akamwangalia msichana.

"Ndiyo, shangazi," Joyness alisema, jagi bado mkononi. "Nimechoka."