Kupe Ishirini na Watatu

Nilianza kuwatoa saa moja asubuhi, nyuma ya nyumba, mahali ambapo jirani haoni. Nilikuwa na kibano cha kazini, kile nilichostaafu nacho, na kopo lenye mafuta ya taa. Nyuma ya masikio, kwapani, katikati ya vidole, chini ya mkanda wa shingoni. Kupe ishirini na watatu, wengine wamenona hadi wanang'aa. Nikamwogesha mbwa kwa sabuni ya unga wa karafuu, nikamkausha kwa taulo, nikamchana. Hapo ndipo nikampeleka kwa daktari.

Ndiyo, nilimfutia mgonjwa dalili zote kwanza, halafu nikaenda kuuliza anaumwa nini.

Na mimi ni nesi. Nimekaa wodini miaka thelathini na minne, na wagonjwa waliniita Sista Sabuni, jina ambalo nililipenda kupita kiasi. Nimewafokea wangapi kwa kumficha daktari maradhi yao? "Daktari si mpiga ramli," nilikuwa nawaambia. "Sema kinachokuuma au rudi nyumbani." Kwangu hadi leo mtu anavua viatu bila kuambiwa. Mtu aseme nina kupe? Afadhali aseme mimi mwizi.

Mbwa mwenyewe ni wa mume wangu. Tunamwita Mkaguzi, kwa sababu hakuna sufuria inayofunuliwa nyumbani kwetu bila yeye kuja kuhakikisha. Mzee wangu macho yamemwishia, anaona mwanga na vivuli tu, na kila asubuhi Mkaguzi humtoa mlangoni hadi kwa fundi viatu wa pale kona, wanakokutana yeye na wenzake kubishana. Bila mbwa yule hatoki. Niliwahi kumshika mkono nimpeleke mimi, akalalamika kwamba namsukuma kama machela.

Yeye ndiye aliyegundua kwanza, kwa vidole.

"Sista, Mkaguzi ana vinundu masikioni."

"Chunusi hizo."

Akacheka. "Mbwa ana chunusi?"

"Nesi ni wewe au mimi?"

Siku mbili baadaye Mkaguzi aliacha kula, akawa analala tu, pua kavu na mwili wa moto.

Sasa sikia kwa nini nilitangulia na kibano. Daktari wa mifugo wa mtaa wa pili ni binti wa jirani yangu wa zamani. Alipokuwa na miaka sita aliletwa kwenye zahanati yetu kuchanjwa, nikamkuta na chawa. Nilimnyoa palepale kwenye korido, foleni nzima ikitazama, huku nikimpa mama yake somo la usafi kwa sauti ya kufika getini. Mtoto hakulia. Aliziangalia tu nywele zake sakafuni. Mama yake hakunisalimia tena, na mimi nilijiona nimefanya kazi nzuri. Sasa niende kwa mtoto huyohuyo, nimwambie nina kupe?

Alinikaribisha vizuri. Akampima Mkaguzi joto, akamfunua mdomo, akabonyeza fizi kwa kidole.

"Homa ni kali, na fizi zimepauka. Umemwona na kupe, mama?"

"Kupe? Kwangu?"

"Nawauliza wote."

"Alikula mfupa uliooza. Ni tumbo."

Akasema angependa kuchukua tone la damu kwenye ncha ya sikio alitazame kwa hadubini, maana vijidudu vya homa ya kupe huonekana upesi zaidi hapo. Ndani ya sikio la kushoto nilikuwa nimeacha mmoja ambaye kibano hakikumfikia.

"Usimtoboe bure," nikasema kwa sauti yangu ya wodini. "Homa za tumbo nimeziona kabla hujazaliwa."

Akasita, akaliacha sikio. Aliniheshimu, na hilo ndilo linaloniuma. Alimpa sindano ya kushusha homa na dawa ya tumbo, akaniambia mkojo ukibadilika rangi nisingoje hata saa moja.

Kesho yake ulibadilika. Mkaguzi alikojoa palepale alipolala, kwenye saruji yangu niliyoisugua, mkojo wa rangi ya chai kavu iliyokolea. Na mimi, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichokifuata ni tambara. Nilipiga deki hadi sakafu ikang'aa, na mzee wangu amekaa hatua tatu kutoka hapo, haoni kitu.

Kisha akachukua fimbo yake, akasimama mlangoni kama kawaida, akapiga mluzi. Mkaguzi aliinua kichwa, akajaribu kuinuka, miguu ya nyuma ikakataa.

"Mbona haji?"

"Amechoka."

Alisikiliza kidogo, kisha akarudi kuketi, fimbo mapajani. "Haya. Ukisema ni tumbo, ni tumbo. Wewe hujawahi kunidanganya."

Afadhali angenitukana. Aibu ilinipanda kutoka miguuni hadi masikioni, nikasimama pale na tambara mkononi kama mtoto aliyevunja kitu. Nikatoa shuka kabatini, nikamlaza mbwa juu yake.

"Shika ncha hizi," nikamwambia. "Tunampeleka. Si tumbo, ni kupe. Niliwaona nikakudanganya."

Akazishika. Tulitembea mitaa miwili na shuka katikati yetu, mimi mbele, yeye nyuma akifuata mvuto wa kitambaa. Nilisikia fimbo yake, aliyoibana kwapani, ikigongagonga chini.

Benchi la korido lilikuwa limejaa. Mlango wa daktari ulikuwa wazi, na watu wote wakageuza shingo. Nilimlaza Mkaguzi mezani nikasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua ninayo, "Daktari, nilikudanganya. Nilimtoa kupe ishirini na watatu. Mmoja bado yumo sikioni."

Hakunifokea. Alikwenda kwanza akafunga mlango.

Ndipo akarudi, akaligeuza sikio, akambana yule kupe karibu kabisa na ngozi na kumvuta taratibu bila kumpinda. Akachukua damu, akaipaka kwenye kioo, akainama kwenye hadubini. Mimi nilikuwa nautazama ule mlango.

"Wamo," akasema. "Wamo ndani ya chembe nyekundu, wanazipasua. Ndiyo maana mkojo uko vile. Jana ningewaona."

Sindano ilipoingia, Mkaguzi akatokwa udenda na kutetemeka, daktari akanieleza kwamba dawa yenyewe ndivyo ilivyo. Kupona hakuniahidi.

"Siku ile pale zahanati," nikaanza, "ningekuingiza ndani nikafunga mlango..."

"Nakumbuka, mama. Mshike kichwa asijigonge."

Mkaguzi aliwekewa maji ya mshipa siku tatu. Siku ya nne nilifunua sufuria jikoni nikasikia kucha zake zikija polepole sakafuni, nikakaa chini nikalia. Daktari alikuwa ameniambia kupe wa mbwa hutaga kwenye nyufa za kuta, nikazitafuta, nikazikuta zimejaa mayai nyuma ya karo ninalofulia. Sista Sabuni huyo. Nilinyunyiza dawa na kuziba kwa saruji. Mzee wangu hakunisema hata siku moja. Ila nikimwambia chakula kiko mezani, siku hizi anapapasa sahani kwanza.

Baada ya wiki mbili tulirudi kwa sindano ya pili, mbwa akitangulia, mzee nyuma yake, mimi wa mwisho. Benchi lilijaa vilevile. Mwanamke aliyekaa kando yangu alikuwa na mbwa mlegevu ndani ya taulo, amechanwa vizuri, ananukia sabuni. Alikuwa anamfunika masikio kwa viganja.

Daktari akatuita. Tulipoingia akaushika mlango ili aufunge.

"Uache wazi, mwanangu," nikasema.

Nikamgeuza Mkaguzi sikio mimi mwenyewe, nikasema kwa ile sauti ya kufika getini, "Huyu alikuwa na kupe ishirini na watatu. Niliwatoa, nikamwogesha, nikaja hapa nikadanganya."

Mkono wa daktari ulibaki kwenye kitasa, na kwa mara ya kwanza alinitazama kwa macho ya yule mtoto wa miaka sita. Kisha akauachia mlango, akaja kushika sindano.