Risasi za Siku za Giza

Gasper ni mwizi. Nilimwambia hivyo usoni, saa nne asubuhi, mbele ya wateja wake pale kibandani Bangwe anapotengeneza simu. Kosa langu ni moja tu, kumpa nywila ya akaunti yangu ya mchezo wa risasi wa kwenye simu. Tulivua dagaa chombo kimoja miaka minne kabla hajaacha uvuvi, na watu wa chombo kimoja hatufichani.

Akaunti hiyo nimeijenga miaka mitatu. Pastory wa Bangwe ni jina linalojulikana mpaka Kalemie na Bujumbura. Wiki moja kabla ya asubuhi hiyo wenye mchezo wakaifunga moja kwa moja, eti natumia programu ya kuona maadui nyuma ya kuta. Wema, nahodha wa timu yetu ya mchezo huo, akanitoa kundini bila hata kuniuliza. Mtaani nikawa tapeli.

Lakini ujumbe wa kunifungia ulitaja tarehe na saa ya kila mchezo ulioibwa kwa programu hiyo. Nikakaa nazo. Sisi wa dagaa tunacheza wakati wa mbalamwezi tu, maana mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, tunabaki nchi kavu. Giza likirudi tunakesha majini, mtandao haupo. Na michezo yote kumi na mmoja ya wizi ilichezwa usiku, siku za giza. Mimi niko katikati ya ziwa navuta wavu, huku nani ana nywila yangu? Ni huyu huyu mshenzi.

Wala hakubisha. Alicheka, akasema timu ilishinda, sasa nalalamika nini.

Nikampigia Wema aje. Alipofika nikamwekea simu mezani, nikamwonesha tarehe moja moja. Nilitaka kitu kimoja tu: aseme palepale, mbele za watu, kwamba Pastory hakuiba.

Alisoma mpaka mwisho bila haraka.

“Hukuiba,” akasema, na wote wakasikia. “Tulijua tangu siku ya kwanza.”

Nikamuuliza walijuaje, na kwa nini walininyamazia mpaka nikaitwa tapeli.

“Pastory, wewe hulengi vizuri hivyo. Tulikuwa tunasubiri giza liingie ndiyo tushinde.”

Kibanda kizima kikaangua kicheko, Gasper akiongoza. Nikachukua simu yangu nikaondoka. Jina langu limesafishwa, na tangu siku ile sijapita tena njia ile.